Nilifunga Koki Mbili

Ilikuwa Jumapili katikati ya Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyasi zilikuwa nyeupe kutoka kibanda cha pampu mpaka kwenye kijito, na kila nilipokanyaga zilinilia chini ya buti kama maganda ya karanga. Mgeni mmoja wa nyumba yetu ya kulala wageni hapa Mufindi alikuwa ameomba alione bwawa la kuogelea kabla ya kuendelea na safari ya Mbeya, nikatangulia kushuka nikafungue kibanda.

Bomba lilikuwa limepasuka.

Halikuachia kwenye ungio, wala halikutoboka. Lilipasuka kwa urefu, mpasuko mrefu kuliko kiganja changu, midomo yake imefunukia nje kama ganda la njegere zilizokomaa. Niliingiza kidole. Nilitarajia kugusa barafu, lakini ndani palikuwa patupu, pamelowa tu. Nikaligongagonga bomba kwa kisu, nikirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka nikafika pale linapopita juu ya mwamba. Hapo mlio ukabadilika, ukawa mzito kama wa gogo bichi. Barafu ilikuwa huko, mita mbili nzima kutoka kwenye mpasuko.

Usiku wa kuamkia siku ile nilishuka na tochi, nikafunga koki zote mbili za bomba lile kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilizifunga ili kulilinda.

Fundi alisema ni jua

Fundi alikuja Jumatatu kutoka Mafinga. Alilitazama bomba, akalikwaruza kwa ukucha, unga mweupe ukabaki kwenye kidole. "Dada, hili jua limeshalila. Plastiki ikikaa juani miaka yote hii inakuwa kama biskuti." Akakata kipande, akapaka gundi, akaunga kipya, nikamlipa, akaondoka na bodaboda iliyomleta.

Alikuwa sahihi. Bomba lile linatoka kwenye chujio la mchanga na kurudisha maji bwawani, na kwa mita sita hivi linatambaa juu ya ardhi, kwa sababu aliyelijenga bwawa hili kabla sisi hatujainunua nyumba alikutana na mwamba akashindwa kuuchimba. Limepigwa na jua tangu siku hiyo.

Lakini mimi sikuridhika. Kama ni jua, kwa nini lisipasuke Machi, au Oktoba jua linapowaka kwelikweli? Na kama ni barafu, kwa nini lipasuke mahali pasipo na barafu?

Nilikuwa nakunja mashuka ya wageni huku nawaza hilo. Nilikuwa nachemsha chai huku nawaza hilo. Mama akaniambia bomba limeshapona, niliache. Sikuweza, kwa sababu kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikumwambia fundi wala mama: katika miaka mitatu tuliyoishi hapa, baridi ya kipupwe imeanguka kila mwaka, na bomba lilelile, lililoliwa na jua lilelile, halikuwahi kupasuka. Koki zake hatukuwahi kuzifunga. Mwaka huu redio ilisema baridi itakuwa kali nyanda za juu kusini, nikashikwa na hofu, nikazifunga.

Saa moja huku, usiku wa manane kule

Nina mdogo wangu wa kiume anayeishi Ontario, Kanada. Kazi yake ya kwanza kule, kabla hajapata anayoifanya sasa, ilikuwa kufunga mabwawa ya watu. Kule bwawa lina msimu. Linafunguliwa Mei, na Septemba au Oktoba linafungwa kama mtu anavyofunga duka, maana miezi inayofuata si ya kuogelea; ni ya theluji.

Nilimpigia saa moja asubuhi yetu. Kwake ilikuwa saa sita ya usiku.

"Shikamoo, dada. Kuna amani?"

"Marahaba. Amani ipo. Bomba la bwawa limepasuka kwa barafu."

Alikaa kimya kidogo. Nadhani alikuwa anajaribu kuiweka barafu na nyumbani kwetu katika sentensi moja. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Skima imesalimika?"

Kwa wasiolijua, skima ni lile sanduku la plastiki lililojengewa kwenye ukingo wa bwawa, mdomo wake ukiwa sawasawa na uso wa maji. Pampu ikivuta, majani na wadudu wanaoelea wanaingia humo na kunaswa kwenye kikapu. Sisi tunaisafisha kila asubuhi na hatuifikirii zaidi ya hapo. Kule Ontario ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Akanieleza sababu. Maji huwa mazito kabisa yakifika kama nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena, yanabaki juu, na ndiyo maana bwawa au ziwa huanza kuganda usoni, si chini. Skima imekaa hapohapo usoni. Koo lake ni jembamba, plastiki yake si nene, na nyuma yake kuna zege lisilosogea. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, yaani lita 10 za maji zinataka nafasi ya karibu lita 11 za barafu. Ndani ya skima nafasi hiyo haipo. Barafu inasukuma plastiki, plastiki inasukuma zege, zege linakataa.

"Bomba unalikata, unaunga jingine," akasema. "Skima ikipasuka unavunja sakafu yote inayoizunguka. Na huenda usijue mpaka Mei, ukijaza maji ukashangaa yanaenda wapi."

Akanisimulia wanavyofanya. Wanashusha maji mpaka chini ya mdomo wa skima. Wanafungua vizibo vya chini vya pampu, vya chujio na vya mtambo wa kupashia maji joto, wanaviacha vikauke. Kisha wanaleta kompresa, wanapuliza upepo kwenye mabomba yote, kwa sababu huko ardhi yenyewe inaganda. Kusini mwa Ontario wajenzi huchimba msingi wa nyumba kama mita 1.2 kwenda chini ili waupite udongo unaoganda, na mabomba ya bwawa kwa kawaida hayako chini hivyo. Wakipuliza, maji yanatoka kwenye matundu ya kurudishia, halafu mapovu, na wakati mapovu bado yanatoka mtu anaingiza mkono kwenye maji baridi na kukaza kizibo cha mpira.

"Na lile tundu la sakafuni kabisa?" nikauliza. "Huwezi kupiga mbizi ukalizibe."

"Hilo tunapuliza mpaka mapovu yatoke chini katikati ya bwawa, halafu tunafunga koki huku juu upepo ukiwa bado unasukuma."

"Mnafunga koki?"

"Ndiyo. Haraka, kabla maji hayajarudi."

Nikamwambia nami nilifunga koki. Mbili.

"Ulipuliza kwanza?"

Upepo na maji

Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni, simu sikioni, na nilianza kuliona bomba kama vile ni la kioo.

Usiku ule lilikuwa limejaa maji, koki huku, koki kule. Sehemu ya katikati, pale juu ya mwamba, iko wazi kabisa mbinguni. Ndiyo iliyoganda kwanza. Barafu ikashika kuta za bomba ikafanya kizibo. Kizibo kikaendelea kukua kuelekea upande wa bwawa, kikisukuma maji yaliyokuwa mbele yake, ambayo yalikuwa bado maji, hayajaganda, na yalikuwa yanatafuta njia. Miaka yote njia ilikuwepo: yalisogea kidogo, yakaingia bwawani, basi. Mwaka huu mbele yao palikuwa na koki niliyoikaza mpaka mkono ukaniuma.

Maji huwezi kuyabana yakawa madogo. Yakisukumwa na hayana pa kwenda, yanageuka kuwa nguvu tupu. Nguvu ikatafuta mahali dhaifu pa bomba, na mahali dhaifu ni pale jua lilipolila zaidi, upande unaotazama magharibi.

Fundi alikuwa sahihi kuhusu jua. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu barafu. Ila aliyezifunga pande zote mbili ni mimi.

Mdogo wangu naye alikuwa anafunga koki, lakini alikuwa anafungia upepo.

Upepo ukisukumwa unajikunja, unampisha mwenzake. Siku nzima nilikuwa narudia hilo moyoni. Nilikuwa nimeichukulia baridi kama mwizi, kitu kinachotoka nje kuja ndani, na mwizi unamfungia mlango. Kumbe kinachovunja bomba kilikuwa ndani tayari, na kilichokuwa kinahitajika ni mlango wazi.

Siku niliyotaka kulikausha lote

Ukishajua nusu ya jambo unatamani kulitenda lote kwa siku moja. Jumatano ile nilifanya mambo mawili ambayo nayaandika hapa kwa sababu naona mwenzangu mwingine anaweza kuyafanya.

La kwanza, nilikwenda dukani Mafinga kununua kile kimiminika kinachozuia maji kuganda. Mdogo wangu alikuwa amenitajia kwamba kule wanamimina dawa ya rangi ya waridi kwenye mabomba ambayo hayakukauka vizuri. Muuza spea akanipa dumu la kijani la kuweka kwenye rejeta ya gari. Nikalipakia kwenye pikipiki nikarudi nalo. Kabla sijalifungua nikalipiga picha nikamtumia mdogo wangu, naye akanipigia simu papo hapo badala ya kuandika.

"Dada, hiyo usiimimine. Hiyo ni sumu."

La bwawa hutengenezwa kwa propileni glaikoli. La rejeta, lile la kijani la kawaida, ni ethileni glaikoli, na ubaya wake ni kwamba lina utamu. Mbwa analilamba. Mtoto akilionja hatalitema. Na mtoto wa mgeni humeza maji ya bwawa hata ukimkataza. Dumu lilirudi dukani kesho yake, na muuza spea, nashukuru, hakubishana.

La pili lilikuwa baya zaidi. Niliamua kulimaliza bwawa maji yote. Niliwaza hivi: kama maji ndiyo yanayovunja, basi bwawa tupu haliwezi kuvunjika. Nikawasha pampu, nikageuza koki ya kutolea maji nje, nikaenda kuandaa chakula cha mchana. Niliporudi maji yalikuwa yamefika magotini upande wa kina kirefu.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma, anatazama kisima.

Kisima chetu kiko hatua kama ishirini kutoka bwawani. Mvua za huku zinaisha Mei, na Julai ardhi bado imeshiba. Kamba ya ndoo haifiki mita mbili kabla hujasikia maji. Bwawa letu upande wa kina kirefu lina karibu mita mbili.

"Maji ya kisima yako pale," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Na hapa chini ni palepale. Ukiyatoa ya ndani, ya nje yatakwenda wapi?"

Mama hajui chochote kuhusu Ontario. Aliuliza swali lilelile la bomba, kwa upande wa pili.

Nilizima pampu. Usiku mdogo wangu akathibitisha: bwawa lililo tupu kwenye ardhi yenye maji ni kama mtumbwi. Maji ya chini yanalisukuma juu. La plastiki ngumu linaweza kuinuka lote, la zege linaweza kupasuka sakafu. Ndiyo maana hata kule kwenye theluji hawalikaushi. Wanashusha tu kidogo chini ya skima na kuliacha na uzito wake. Tulilijaza tena kwa siku mbili, kwa maji yaleyale ya kisima, na mimi sikuwa na amani mpaka nilipoona usawa umerudi kwenye mstari wa vigae.

Bondeni hatukupanda viazi

Upande wa juu wa shamba letu anaishi bibi mmoja ambaye ana chai kidogo na viazi. Wakati wote huu alikuwa anapita njiani na jembe begani, ananiona nahangaika na mabomba, tunasalimiana "kamwene" naye anaendelea. Wiki ya pili alisimama.

"Mwanangu, mnatafuta nini humo kila siku?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Hapo mlipoweka hilo bwawa hatukuwahi kupanda viazi mwezi wa sita," akasema. "Tangu mama yangu. Tulipanda huku juu. Humo baridi inateremka usiku kama maji, inajaa, inalala. Asubuhi majani yote meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia aliyelijenga.

"Hakuniuliza."

Alilisema bila kinyongo, na mimi nimelibeba mpaka leo. Wenye chai wa Mufindi wote wanajua hili. Ukitembea utaona vibonde ambavyo chai haikupandwa, au imepandwa na majani yake ya juu yanaungua mwaka ambao sakitu, ule umande unaoganda na kuwa mweupe kwenye nyasi, inaanguka. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Usiku usio na upepo wala mawingu, ardhi inatoa joto lake lote juu, hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka mteremko mpaka inapokuta shimo. Aliyechimba bwawa alichagua shimo kwa sababu maji ya kijito yanashuka yenyewe bila pampu. Maji na baridi vinafuata njia moja.

Vipimajoto viwili

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilinunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, nikaning'iniza kimoja barazani na kingine kwenye kibanda cha pampu, na kwa wiki tatu nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao baridi inakaribia kilele chake kabla jua halijachomoza. Tofauti ya urefu kati ya baraza na kibanda haizidi mita ishirini.

Asubuhi iliyokuwa kali kuliko zote, barazani palikuwa na nyuzi 3. Kwenye kibanda, nyuzi 2 chini ya sifuri.

Usiku wa ukungu, ule ambao wageni kutoka Dar es Salaam wanauogopa na kuomba blanketi la tatu, vipimajoto vyote viwili vilikuwa vinasoma karibu sawa, na hakikuganda kitu. Ukungu ni blanketi. Usiku wa kuogopa ni ule mzuri, wenye nyota nyingi, kimya, ambao wageni wanatoka nje kupiga picha.

Na nilipima maji ya bwawa. Hapo ndipo mahesabu yangu yalipobadilika tena. Asubuhi ileile ya nyuzi 2 chini ya sifuri, maji ya bwawa yalikuwa nyuzi 13. Bwawa ni kubwa. Joto la mchana linakaa humo, na usiku mmoja haulimalizi. Ardhi yetu pia haigandi kwenda chini; ukifukua hata kidogo tu chini ya nyasi nyeupe unakuta udongo wa uvuguvugu. Kwa hiyo bomba lililofukiwa liko salama. Skima, ambayo tumbo lake limejaa maji ya nyuzi 13, iko salama. Kilicho hatarini ni kile kilichotoka nje ya ardhi na kukaa wazi chini ya nyota: mita sita za bomba, geji ndogo ya chujio, kikapu cha pampu na kifuniko chake, na bomba la nusu inchi linalopandisha maji jikoni.

Nilikuwa nimeibeba hofu ya Ontario nzima na kuileta Mufindi, wakati hofu yetu ni ya mita sita.

Sisemi ni ndogo. Kwa mtu mwenye nyumba Matamba au kule karibu na Kitulo, ambako uwanda uko juu zaidi ya mita 2,500, ningemshauri apime kabla ya kuniiga. Kwangu lakini kipimo kilikata ubishi.

Ninachofanya sasa

Kwanza nilijaribu njia rahisi, kuiacha pampu ifanye kazi usiku. Maji ya nyuzi 13 yakipita bombani hayawezi kuganda, na bomba linapata joto bure. Nilifunga swichi ya saa iiwashe saa nane usiku, iizime jua likichomoza. Kwa siku nne ilifanya kazi vizuri. Siku ya tano umeme ulikatika saa tisa. Nililala macho nikisikiliza ukimya wa pampu, nikashuka na tochi, nikakuta ubaridi wa kuuma na nyota zimejaa. Niliondoa saa ile kesho yake. Kinga inayotegemea umeme usiku wa baridi kuliko zote sikuitaka tena.

Sasa jioni, kama mbingu iko wazi na hakuna upepo, nazima pampu, nafunga koki zinazotoka bwawani, halafu nafungua kizibo cha chini cha pampu na kile cha chujio. Kwenye lile bomba la mwambani nilimwomba fundi aweke koki ndogo sehemu ya chini kabisa ya mteremko na nyingine ya kuingiza hewa sehemu ya juu. Nazifungua zote mbili. Maji yanakoroma, yanatoka, hewa inaingia mahali pake. Koki hizo zinabaki wazi mpaka asubuhi. Inanichukua dakika kumi. Kubwa ni kutoiwasha pampu asubuhi kabla ya kurudisha vizibo na kuijaza maji, maana pampu ikizunguka kavu inaungua mpira wake.

Fundi alipokuwa anaunga koki hizo aliniuliza za nini. Nikamweleza habari ya kizibo cha barafu na maji yasiyo na pa kwenda. Akaacha msumeno, akakaa chini. "Kumbe siku ile halikuwa jua peke yake." Akapaka bomba zima rangi nyeupe bila kunidai, ili jua lisiendelee kulila, na tukalivisha gunia.

Kuna kitu kimoja cha Ontario nilikipenda na nikakifanya hata baada ya kujua sikihitaji. Mdogo wangu alinifundisha kuchukua chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, kuitia changarawe kiasi cha kuizamisha nusu, kukaza kifuniko, na kuisimamisha ndani ya skima. Barafu ikivimba inaiminya chupa kwanza, kwa sababu ndani yake kuna hewa, na skima inapona. Niliiweka wiki kadhaa. Kila asubuhi niliitazama imesimama humo, haijaminywa, maji yanaizunguka bila dalili ya kuganda. Vipimajoto vilikuwa vimeshaniambia. Mwishowe niliitoa, nikamwaga changarawe.

Jana asubuhi sakitu ilianguka tena, nadhani ya mwisho mwaka huu. Chini ya koki ndogo ya bomba palikuwa na ulimi mwembamba wa barafu juu ya nyasi, matone ya mwisho yaliyotoka usiku. Bomba lilikuwa zima. Nilipanda mlimani kwa bibi kumpelekea mkate, na kumweleza juu ya ile chupa, nikifikiri itamfaa kwenye chungu anachonyweshea kuku, maana vyungu hupasuka maji yakigandia humo.

"Changu hakijapasuka," akasema.

Akanionyesha. Kilikuwa kando ya ukuta wa jiko, kimepinduliwa, mdomo chini, kama anavyokiacha kila jioni.